Kitanda Kinashukuriwa Lini?

Jumatatu ya kwanza ya Novemba, siku yangu ya kwanza ya ustaafu, nilikuwa nimekaa kibarazani kwangu hapa Kasulu nikikata fulana. Zilikuwa fulana nyeupe za kampeni, zenye maandishi kifuani ya kuwahimiza vijana waikatae rushwa. Zilibaki kwa sababu zilikuja zote za kumtosha mtoto wa darasa la tatu, ingawa tuliagiza za wanafunzi wa sekondari. Nilikuwa nazigeuza vitambaa vya kufutia vumbi. Kabla kijana yeyote wa uchunguzi hajachukua kalamu, niseme kwamba ziliondolewa kwenye mali ya ofisi kwa kibali, na kibali ninacho.

Ndipo simu ikaita. Alikuwa Baraka, kijana niliyemwachia dawati langu la elimu kwa umma.

"Shikamoo, Dada Mwanaidi."

"Marahaba. Ustaafu wangu haujafika hata saa ya chai, umeshanikumbuka?"

"Nimekabidhiwa klabu zako zote za shule, Dada. Nianzie wapi?"

"Anzia kwenye salamu."

"Dada, mimi niko siriazi."

Nami nilikuwa siriazi. Lakini nikaona jibu la swali lake halitoshi kwenye simu, na vifurushi vya siku hizi vinaisha kabla mtu mzima hajamaliza utangulizi. Kwa hiyo nimeamua kuliandika, kwa ajili yake na kwa ajili yenu mtakaomfuata. Vyeo sivitaji, kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara mnaujua.

Nilianza kazi Kibondo, nikitokea Muheza, nikiwa na shahada mpya, viatu visivyofaa kwa udongo ule mwekundu, na imani kwamba watu hutoa rushwa kwa sababu hawajaelezwa vizuri. Mkuu wangu wa kwanza, Mzee Sanga, alikuwa Mbena mmoja mtaratibu aliyepata kuwa mwalimu kabla ya kuingia kwenye taasisi yetu ya kupambana na rushwa. Alinipa kipaza sauti cha mkononi, ambacho ukikibonyeza vibaya kililia king'ora, na ushauri mmoja. "Mwanaidi," alisema, "ukimaliza kufundisha, usiwaulize watoto kama wameelewa. Watasema ndiyo, hata kama umewafundisha kwa Kigiriki. Waulize ni nani hajakubali."

Sikumsikiliza. Somo langu la kwanza lilikuwa katika shule ya msingi, mbele ya watoto na wazazi wao. Nilieleza kwa ufasaha kwamba zawadi kwa mtumishi wa umma ni mlango wa rushwa. Nikauliza kama wameelewa. Wakaitikia ndiyo, kwa pamoja, kwa sauti iliyonipendeza sana. Kisha bibi mmoja akanyanyuka, akapiga makofi yale ya heshima ya huku, akanisalimu salamu ndefu, na kunikabidhi jogoo.

"Agashimwe," alisema.

Mwalimu aliyekuwa karibu alinitafsiria: ni kitu kidogo cha kumshukuru mtu kwa jema alilotenda. Jema lenyewe lilikuwa kuwafundisha wasitoe vitu. Sikujua la kufanya, nikarudi ofisini na jogoo.

Mzee Sanga alivua miwani, akamtazama yule jogoo, akanitazama mimi. "Sasa huyu," akauliza, "ni kielelezo au ni mboga?"

Kanuni zilitaka zawadi itolewe taarifa kabla ya kuamuliwa. Ikatolewa, na wakati uamuzi ukisubiriwa jogoo alifungwa kwenye mguu wa meza yangu. Alikuwa na tabia ya kuwika kila mtuhumiwa alipokana kosa, jambo lililowatisha watuhumiwa wengi kuliko maswali yetu. Hatimaye niliagizwa nimrudishe. Bibi alimpokea, akamgeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kidonda, kisha akaniuliza, "Kwani jogoo wangu ana kosa gani?"

Tangu siku ile niliweka neno agashimwe kwenye orodha ya maadui zangu. Kila nilikofika, Kibondo na baadaye Kasulu, nililishambulia. Niliandika kwenye ubao: agashimwe ni rushwa iliyovaa kanga. Wanafunzi walicheka, kwa sehemu kwa sababu ya kanga na kwa sehemu kwa sababu ya Kiswahili changu, ambacho walisema ni cha redio. Walijiunga na klabu kwa wingi. Wengi walijiunga kwa ajili ya fulana, nami sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilijiunga na skauti kwa ajili ya skafu. Walijua kaulimbiu zote. Walichora mabango mazuri. Kisha walirudi nyumbani na kuwakuta baba zao wakipeleka kuku mahali fulani, na bango halikusema lolote kuhusu kuku.

Naruka miaka mingi hapa, maana ilifanana. Sasa nifike kwenye shule niliyotaka kuwasimulia.

Ni shule ya kata, mbele kidogo ya Nyakitonto. Sitaitaja jina, na wenyewe wakisoma watajijua na watacheka. Wananchi walikuwa wamejenga bweni la wasichana kwa nguvu zao, tofali kwa tofali, na kama ilivyo kawaida bweni liliisha lakini vitanda havikutosha. Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikwenda pale, muhula wa kwanza ukikaribia kufungwa, kuzungumza na klabu. Nilikuwa nimechoka kidogo na somo langu mwenyewe. Nilipomaliza, sijui kwa nini, nikakumbuka ushauri wa Mzee Sanga, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu na anafuga nyuki kwao.

"Nani hajakubali?" nikauliza.

Mwenyekiti wa klabu mwenyewe, msichana wa kidato cha tatu anayeitwa Consolata, akanyoosha mkono.

"Mimi, Madam. Umesema agashimwe ni rushwa. Kwetu agashimwe ni heshima. Bibi yangu akisikia hivyo anasema serikali imekataza watu kushukuru. Halafu hasikilizi tena yaliyobaki."

"Hapo Madam umepigwa na kitu kizito," alisema Jofrey kutoka nyuma. Huyu Jofrey alikuwa katibu, mwenye sauti ya mtangazaji wa mpira na heshima ya kutosha kuinamisha kichwa baada ya kusema, si kabla.

Wakati darasa likicheka, msichana mwembamba aliyekaa jirani na Consolata akauliza taratibu, kama anayeuliza swali la hesabu: "Madam, kitanda kinashukuriwa lini? Kabla ya kukilalia au baada?"

Kicheko kikakatika. Msichana huyo alikuwa Yasinta.

Nilibaki nao baada ya kipindi, nikaelezwa. Vitanda vya bweni viligawiwa upya kila muhula, na aliyegawa alikuwa Matroni. Wazazi waliotaka kitanda walipeleka debe la maharage kwenye mlango wake wa nyuma, mapema, kimyakimya. Waliita agashimwe. Baba yake Yasinta hakuwa na debe la kupeleka. Walikaa mbali, ng'ambo ya bonde ambalo mvua zikianza mto wake hujaa, na njiani kulikuwa na vijana wa bodaboda wenye maneno mengi na subira kidogo. Baba alikuwa ameshasema: muhula huu ukifungwa bila kitanda, Yasinta harudi.

"Na wewe, Consolata?" niliuliza. "Una kitanda?"

"Ninacho, Madam." Alitazama mikono yake. "Na ninajua kilivyopatikana. Ndiyo maana nilinyoosha mkono."

Nilirudi ofisini, nikatoa taarifa kama inavyotakiwa. Baraka, aliyekuwa bado upande wa uchunguzi, alifurahi sana.

"Dada, tuweke mtego. Tunampa mzazi kitu chenye alama, anapeleka, tunaingia."

"Vizuri. Maharage utayawekea alama wapi, mdogo wangu? Moja moja?"

Lakini mkuu wetu aliona jambo zito zaidi. Matroni akiondolewa, bweni lisiloangaliwa na mtu mzima lingefungwa siku hiyo hiyo, na wasichana wote, Yasinta na wenzake, wangebaki njiani. Akaamua tuanze na uzuiaji: nizungumze na uongozi wa shule, na klabu ifanye kazi yake. Uchunguzi ungefuata kama hayo yangeshindikana.

Nilipowarudia vijana nilikuwa na mpango wangu, yaani mabango. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha Consolata akasema, "Madam, bibi amenieleza agashimwe ya zamani. Ilitolewa baada ya jambo kufanyika. Ilitolewa mbele ya watu. Na anayetoa alisema kwa sauti anashukuru nini. Asiposema, watu walidhani ameiba."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tusiikataze. Tuifanye vizuri."

Jofrey alikuwa ameshasimama. "Siku ya wazazi, Madam. Mimi ndiye MC."

Walimwomba Mkuu wa shule aongeze kipengele kimoja kwenye ratiba: Kutoa Shukrani. Nilimweleza waziwazi kinachokuja. Alikuna kidevu kwa muda mrefu, akasema kwamba na yeye ana binti, akakubali. Matroni naye nilimfuata mwenyewe, nikamwambia kwamba jambo la maharage linajulikana, na kwamba siku ya wazazi litasemwa hadharani. Aliendelea kuanua nguo. "Waje waseme," alijibu. "Na mimi nina mdomo."

Siku ya wazazi ilifika. Wazazi walikaa kwenye mabenchi uwanjani. Baada ya hotuba, ambazo Mwenyezi Mungu anajua zilikuwa ngapi, Jofrey akashika kile kipaza sauti changu, akabonyeza vibaya, king'ora kikalia, na wote wakaamka.

"Wazazi wetu," alisema, "leo tunafufua agashimwe kama ilivyokuwa. Unasimama, unakuja mbele, unatoa, unatuambia unashukuru nini. Sisi tunapiga makofi."

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Aliuweka mbele ya mwalimu wa hisabati, mwalimu mgeni kutoka Mtwara. "Mwanangu alikuwa anapata sifuri," alisema. "Sasa ananisumbua dukani, ananikagua chenji. Nashukuru." Watu walipiga makofi mpaka yule mwalimu akashindwa kuzuia machozi, na mkungu akaukabidhi jikoni pale pale, wote wakiuona. Mimi, niliyelipiga vita neno lile kwa miaka yote ya kazi yangu, nilijikuta napiga makofi kuliko wengine.

Wakafuata wengine wawili watatu. Kisha Jofrey akasafisha koo.

"Tumesikia pia kuna wazazi wameleta maharage leo asubuhi, kwa mlango wa nyuma, kwa Matroni. Labda wameona haya. Wazazi, shukrani haina haya! Njooni mbele!"

Hakuna aliyesogea. Mabenchi yaligeuka kuwa ya kuvutia ghafla, kila mtu akawa anayachunguza. Hatimaye mwanamume mmoja akasimama, mrefu, mwenye koti. Alikuwa Mzee Bukuru, mfanyabiashara wa maharage kati ya Kasulu na Manyovu, mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana haya akabaki amekaa. Alikuwa baba yake Consolata.

Jofrey alishusha kipaza sauti. Consolata akakichukua mkononi mwake.

"Mimi nimeleta," alisema Mzee Bukuru. "Si jambo la kuficha."

"Asante, baba," alisema Consolata. Kile kipaza sauti kiliieneza sauti yake uwanja mzima. "Unashukuru nini?"

"Nashukuru kitanda chako."

"Cha muhula huu, baba?"

"Cha muhula huu nilishashukuru. Hiki ni cha muhula ujao."

"Bado hawajakigawa, baba."

"Basi nashukuru mapema."

"Ee jamani!" alidakia bibi mmoja kutoka benchi la nyuma. "Huyu anashukuru mvua ya mwakani! Mshukuruni na mkwe ambaye hajazaliwa!"

Uwanja ulilipuka. Mzee Bukuru mwenyewe, nimpe haki yake, alianza kwa kukasirika na akamaliza kwa kutabasamu upande mmoja wa mdomo. Lakini Matroni alikuwa ameshasimama, na watu wakatulia.

"Mmecheka," alisema. "Sasa na mimi nisikilizeni. Tangu bweni hili lifunguliwe, sijapata posho ya umatroni. Nalala na watoto wenu. Wakiumwa naamka mimi. Maharage nimepokea, na nimekosea, sitasema sikupokea. Lakini katika wote mliokuja kwenye mlango wangu wa nyuma, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja wa mbele kuniambia asante."

Sikuwa na kaulimbiu ya kujibu maneno hayo. Na ninyi msitafute; hakuna.

Mkutano uliendelea mpaka chakula kikapoa. Waliamua kwamba maharage yaende jikoni kwa wanafunzi wote, posho ya Matroni iwekwe wazi na bodi ya shule, na vitanda vigawiwe kwa umbali wa nyumbani, mbali kwanza, majina yakibandikwa ukutani. Matroni aliandikiwa onyo na mwajiri wake na akaendelea kulea. Kuhusu umbali, ningependa mjue kwamba katika wiki ile kata nzima ilihamia mbali. Mzazi mmoja alidai anakaa kwenye kilima ambacho hakuna nyumba, ana shamba la mihogo tu. Jofrey na wenzake, pamoja na mwalimu wa zamu, walitembea njia zote kwa miguu, na yule mzazi aliwapokea kwenye mihogo, akiwa ameweka kiti.

Yasinta alipata kitanda. Baba yake alimrudisha shuleni muhula wa pili ulipofunguliwa, akabeba godoro mwenyewe.

Consolata hakupata. Nyumba yao iko upande wa barabara ya Kasulu, si karibu, lakini si mbali vya kutosha. Jina lake lilikuwa la kwanza chini ya mstari.

Oktoba, mvua zikianza na siku zangu za kazi zikiisha, Mzee Bukuru alinisimamisha sokoni Kasulu, magunia yake yakipakuliwa nyuma yake.

"Madam, nikusalimie au nikushitaki?"

"Anza na salamu, Mzee Bukuru. Mashitaka nimebakiza siku chache za kuyapokea."

"Umenifundishia binti mpaka akajinyang'anya kitanda. Mwalimu gani huyo?" Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimekulia Mtabila, kwenye kambi ya wakimbizi. Kambini kila foleni ilikuwa na mwenyewe. Nilijifunza kutoa kabla sijaombwa, Madam. Nilipopata uraia nikadhani sasa angalau ninatoa kama raia." Akatazama mawingu. "Sasa binti anaamka kiza bado hakijatoka, atembee kwenda shule. Ananiuliza, 'Baba, mvua imekatika?' Niambie wewe uliyesoma, nimjibu nini? Niandikie, maana hapa utanizungusha kwa maneno."

Niliahidi. Nikaaga kazi, nikakata fulana, nikazungumza na Baraka, na bado sikuwa na jibu. Ndipo nikapanda gari siku moja kwenda kuwaaga wale vijana, na niliporudi nikaandika. Wiki kadhaa tangu ile Jumatatu ya fulana, barua ilipelekwa na dereva wa Manyovu anayemfahamu. Nakala yake ndiyo hii. Baraka, ukiona haina fundisho, usiniongezee.

"Mzee Bukuru,

Salamu nyingi, na nyingine umpelekee Mama Consolata, ambaye sijaonana naye lakini nadhani ndiye mwenye akili katika nyumba hiyo.

Uliniuliza umjibu nini binti yako. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kisomi, na sikulipata. Lakini juma lililopita nilifika shuleni kwao. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana, nyingi, ile ya kufunga njia. Nikamuuliza Matroni kama Consolata ameshaondoka kwenda nyumbani. Akasema hajui, na alisema hivyo akitazama dirisha la bweni.

Unajua kwamba mvua ikizidi binti yako harudi kwenu, na amekwambia analala kwa rafiki. Ni kweli. Rafiki ni Yasinta, na kitanda ni kile cha juu, karibu na mlango. Wanalala wawili, kichwa na miguu. Kanuni za bweni haziruhusu. Matroni anajifanya haoni, na mimi kwa kuwa nimestaafu, macho yangu pia yamepungua.

Lakini tabia ya kazi haiishi upesi. Nilimwita Yasinta pembeni, nikamuuliza Consolata amempa nini ili apate nafasi hiyo. Alinitazama kama mtu mzima anayetazama mtoto aliyeuliza jua linakwenda wapi. Akasema, 'Madam, si alinipa kitanda?'

Nimelifikiria jibu hilo njia nzima mpaka Kasulu, na nimeona siliongezei neno.

Kwa hiyo, Mzee Bukuru, siku ambayo mvua haikumzuia kurudi kwenu, akiamka na kiza na kukuuliza kama imekatika, usimweleze lolote. Mchemshie chai. Ile ya kunywa.

Mimi,
Mwanaidi, mstaafu."